Kabla ya Kubonyeza Kitufe cha Kufomati

Ukichomeka diski ya nje iliyoandaliwa kwenye Mac katika kompyuta ya Windows, mara nyingi utaambiwa kwamba diski hiyo inabidi ifomatiwe kabla ya kutumika. Ukichukua diski ya Linux ukaichomeka kwenye Mac, utaambiwa haisomeki, na chini ya maneno hayo utakuta vitufe vitatu: itoe, puuza, au iandae upya. Mtu mwenye haraka, ambaye mteja wake anasubiri video ya harusi au mhariri wake anasubiri picha za mkutano, hubonyeza kile kitufe kinachoonekana kuahidi kwamba kazi itaendelea. Dakika moja baadaye diski inasomeka vizuri kabisa, nayo ni tupu.

Wengi wanaoniletea diski ili niwaokolee kazi zao hawaji kwa sababu diski ilianguka au iliungua. Wanakuja kwa sababu waliitii kompyuta. Waliamini kwamba kifaa kinachosema "haisomeki" kimeipima diski na kukuta haina kitu, kumbe kifaa hicho kilikuwa kinatangaza mipaka ya ujuzi wake chenyewe.

Ninachotaka kusema katika safu hii ni hiki: diski inayokataliwa na kompyuta fulani aghalabu ni nzima, na kilichokosekana ni makubaliano kati ya aliyeandika na anayesoma. Makubaliano hayo hayajileti. Hufanywa na watu, mara nyingine mezani na kwa uwazi, mara nyingine hufungiwa kabatini kwa ajili ya biashara. Historia ya miaka arobaini hivi iliyopita inaonyesha vizuri njia ipi iliokoa data za watu na ipi ilizikwamisha.

Makubaliano yenyewe yana ngazi nne. Ya kwanza ni ya umbo: ukubwa wa diski, kasi yake ya kuzunguka, na njia ambazo kichwa cha kusomea hupita juu yake. Ya pili ni namna biti zinavyogeuzwa kuwa alama za sumaku. Ya tatu ni mfumo wa faili, yaani orodha inayoonyesha faili gani imewekwa wapi. Ya nne ni muundo wa faili yenyewe. Mambo yakienda mrama katika ngazi yoyote kati ya hizo, mtumiaji huonyeshwa ujumbe unaofanana, ilhali tiba ya ngazi moja haifai kitu kwa nyingine.

Boksi moja la disketi, ujazo wa aina tatu

Chukua disketi ya inchi 3.5, ile iliyobuniwa na Sony ikaenea duniani katika miaka ya 1980. Mwishoni mwa muongo huo mtu angeweza kununua boksi moja la disketi na kuwagawia marafiki watatu. Mwenye kompyuta ya aina ya IBM PC angepata nafasi ya kilobaiti 720, mwenye Macintosh angepata 800, na mwenye Amiga angepata 880. Plastiki ni ileile na utando wa sumaku ni uleule, lakini hakuna aliyeweza kumpa mwenzake disketi yake ikasomeka hivihivi.

Hesabu inaeleza kisa chote. Disketi ya PC ina njia 80 kwa kila upande, kila njia ina sekta 9, na kila sekta ina baiti 512. Zidisha kwa pande mbili unapata baiti 737,280. PC iliizungusha disketi kwa kasi isiyobadilika, mizunguko 300 kwa dakika, kichwa kiwe ukingoni au karibu na kitovu. Wahandisi wa Apple waliona hasara hapo: njia ya ukingoni ni ndefu kuliko ya ndani, kwa nini zibebe kiasi kilekile? Wakaigawa disketi katika kanda tano zenye njia 16 kila moja. Kanda ya nje kabisa ikabeba sekta 12 kwa kila njia, inayofuata 11, kisha 10, 9, na ya ndani kabisa 8. Ili mpango huo ufanye kazi, mota ilipunguza kasi kichwa kilipokuwa nje na kuiongeza kilipoingia ndani, kuanzia mizunguko chini kidogo ya 400 hadi karibu 590 kwa dakika. Aliyewahi kukaa karibu na Macintosh ya siku hizo anaijua ile sauti ya mota iliyokuwa ikipanda na kushuka faili inapofunguliwa. Ulikuwa uhandisi mzuri. Lakini mota ya PC haikubadili kasi, na kidhibiti chake kilitarajia biti zije kwa mdundo mmoja tu.

Ngazi ya pili ilizidisha utengano. Kichwa cha kusomea hakioni sifuri wala moja. Kinahisi tu pale mwelekeo wa sumaku unapogeuka, na kikikaa muda mrefu bila mgeuko wowote, kiendeshi hupoteza hesabu ya muda. Ndiyo maana biti haziandikwi kama zilivyo. Hupangwa upya ili migeuko isikosekane. PC ilitumia mpangilio uitwao MFM, ambao hupachika mgeuko wa kuhesabia muda kati ya sifuri mbili zinazofuatana. Apple na Commodore katika kompyuta zake za awali walitumia GCR, ambapo kila kundi la biti hubadilishwa kwa kundi refu zaidi lililochaguliwa mapema: Commodore biti nne kwa tano, Apple biti sita kwa nane. Amiga ilitumia MFM na mizunguko 300 kama PC, lakini iliandika njia nzima kwa mkupuo, sekta 11 zikiwa zimebanana bila nafasi kati yake. Kidhibiti cha PC, kilichozoea kutafuta alama fulani kabla ya kila sekta, kilipita juu ya data hizo kisione kitu.

Haya yote yalikuwa maamuzi, wala teknolojia ya wakati ule haikumlazimisha mtu kujitenga. Atari ST ilitoka mwaka 1985, mwaka uleule wa Amiga, na waundaji wake walichagua kufuata mpangilio wa sekta na mfumo wa faili unaofanana na wa PC. Kwa hiyo disketi iliyofomatiwa kwenye PC iliweza kuingia kwenye Atari, ikaandikwa, na kurudi. Mwaka 1988 Apple nayo ilibadili msimamo. Macintosh IIx ilikuja na kiendeshi kilichopewa jina la SuperDrive, chenye chipu iliyojua GCR na MFM pia, na disketi zake mpya za megabaiti 1.44 ziliandikwa kwa mpangilio wa sekta wa PC.

Uamuzi huo wa mwaka 1988 bado unawagusa watu leo. Mtu akikuta kasha la disketi za zamani za Macintosh kazini, kwanza ageuze disketi moja na kutazama pembe zake. Yenye matundu mawili ni ya megabaiti 1.44, yenye tundu moja ni ya ujazo mdogo. Ile ya matundu mawili inaweza kunakiliwa kwa kiendeshi cha kawaida cha disketi cha USB, kwa kuwa ngazi mbili za chini zinafanana na za PC, ikabaki kutafuta programu inayoelewa mfumo wa faili wa Apple. Disketi ya Mac yenye kilobaiti 400 au 800 haitasomeka kwenye kiendeshi hicho hata ukibadilisha kompyuta kumi. Kutojua tofauti hii kumewafanya watu watupe disketi nzima wakidhani zimeoza.

Kusoma sumaku yenyewe

Je, ile ya 800 ndiyo basi tena? Hapana, na sababu yake ni moja ya hatua kubwa zilizopigwa katika kazi hii. Mwezi Julai 1985, katika uzinduzi wa Amiga pale Lincoln Center, New York, msanii Andy Warhol alichora picha ya mwimbaji Debbie Harry kwa kompyuta mbele ya hadhira. Alipofariki mwaka 1987 aliacha disketi za Amiga, ambazo hatimaye zilihifadhiwa katika jumba la makumbusho linalobeba jina lake huko Pittsburgh. Miongo miwili ilipita bila mtu kujua kwa hakika kilichomo. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba msanii Cory Arcangel, makumbusho hayo, na klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walikuwa wamefanikiwa kuzitoa picha zilizokuwamo.

Walitumia kifaa kiitwacho KryoFlux. Kiendeshi cha kawaida huuliza, "Sekta ya kwanza iko wapi?" na kisipopata jibu linaloeleweka husema disketi ni mbovu. Kifaa cha aina hii hakiulizi. Kinapima muda kati ya mgeuko mmoja wa sumaku na mwingine, njia baada ya njia, na kuhifadhi vipimo vyote kwenye faili. Kazi ya kuamua kama ni MFM au GCR, sekta 9 au 11, kasi moja au tano, inafanywa baadaye na programu, kwa utulivu, na inaweza kurudiwa mara nyingi bila kuigusa tena disketi. Leo kuna kifaa kingine cha namna hiyo, Greaseweazle, ambacho usanifu wake umetolewa wazi kwa yeyote na bei yake ni nafuu. Ukikiunganisha na kiendeshi cha kawaida kilichotolewa kwenye PC ya zamani, kinasoma hata disketi ya Mac ya 800, kwa kuwa suala la kasi limehamishwa kutoka kwenye mota likawa la hesabu.

Lakini kisa cha Warhol kina funzo la pili. Ngazi za chini zilipovukwa, na mfumo wa faili wa Amiga ukafunguka, timu ilikwama kwenye ngazi ya nne. Programu ya kuchorea aliyokuwa nayo Warhol ilikuwa toleo la mwanzo kabisa, kabla halijaingia sokoni, na lilihifadhi picha kwa muundo ambao programu za baadaye hazikuufahamu. Ilibidi wanafunzi wachambue baiti moja baada ya nyingine hadi waelewe rangi na mistari imepangwaje. Waliweza kwa sababu walikuwa na ujuzi, muda, na jina kubwa lililovuta msaada. Faili za uhasibu za chama cha ushirika hazina jina kubwa la kuvuta watu wa aina hiyo.

Namba iliyoandikwa mara mbili

Ngazi ya tatu, mfumo wa faili, ndiyo inayowasumbua watu wengi zaidi leo, kwa sababu vifaa vya USB vimemaliza ugomvi wa umbo na wa biti. Flashi yoyote inaingia kwenye kompyuta yoyote. Kinachogomba ni orodha. Ni kama bohari iliyojaa magunia ambayo karani wake ameondoka: karani mgeni anafungua daftari, anakuta mwandiko asioujua, anatangaza kwamba bohari haina mali na kuomba ruhusa ya kuanza daftari jipya. Magunia yapo palepale mpaka atakaporundika mengine juu yake.

Jinsi ngazi hii inavyoweza kufanywa vizuri ilionekana katika diski za CD. Mwezi Novemba 1985, wakati CD za data zilikuwa bado changa na kila kampuni ikianza kubuni orodha yake, wawakilishi wa kampuni za kompyuta na za CD walikutana katika hoteli iitwayo High Sierra, karibu na Ziwa Tahoe huko Marekani. Walikubaliana juu ya mfumo mmoja, pendekezo lao likachapishwa mwaka uliofuata, na mwaka 1988 likawa kiwango cha kimataifa ISO 9660.

Ukiifungua CD ya namna hiyo na kutazama baiti zake, utakuta jambo linalostahili kusifiwa. Vichakataji vya siku hizo vilikuwa na kambi mbili: vya Intel ndani ya PC viliandika baiti ndogo ya namba kwanza, na vya Motorola ndani ya Macintosh viliandika baiti kubwa kwanza. Ukubwa wa kawaida wa kipande kimoja cha data kwenye CD ni baiti 2048. Kambi ya kwanza huandika namba hiyo 00 08. Ya pili huandika 08 00. Upande mmoja ukisoma mwandiko wa mwingine bila kugeuza, 2048 inakuwa 8, na kila kitu kinavurugika. Wale wa High Sierra hawakumlazimisha yeyote kugeuza. Waliamua namba muhimu ziandikwe mara mbili, kwa mwandiko wa kila kambi, na kwenye CD utaona 00 08 08 00. Gharama yake ni baiti chache, na faida ni kwamba kila kompyuta inakuta namba yake imeshaandikwa kwa namna inayoielewa.

Walifanya na jambo jingine la busara: sekta 16 za mwanzo waliziacha huru, kila mfumo uweke humo unachotaka. Baadaye wachapishaji wa programu na ensaiklopidia waliitumia nafasi hiyo kuweka orodha ya Macintosh pamoja na ya ISO kwenye diski moja, zote mbili zikielekeza kwenye faili zilezile. Mapungufu yalikuwepo. Majina ya faili katika daraja la chini kabisa la kiwango hicho yalibanwa kwenye herufi nane na tatu za nyongeza, mpaka ulimwengu wa Unix ukaongeza Rock Ridge na Microsoft ikaongeza Joliet mwaka 1995. Hata hivyo nyongeza hizo zilikaa kando ya orodha ya msingi bila kuifuta, na CD iliyochomwa miaka ya 1990, kama haijachakaa, inafunguka leo kwenye Windows, Mac na Linux bila mabishano.

Linganisha na yaliyotokea kwenye flashi na kadi za kamera. FAT32 ilikuwa lugha ya wote, ila faili moja haiwezi kufika gigabaiti 4, na video za siku hizi huvuka hapo upesi. Windows tangu NT ya mwaka 1993 ina NTFS, ambayo Mac huisoma lakini bila programu ya ziada haiiandiki. Mac tangu mwaka 2017 inatumia APFS, ambayo Windows haiijui kabisa. Linux inapendelea ext4, ambayo hao wawili hawaifungui wenyewe. Mwaka 2006 Microsoft ilitoa exFAT, iliyoondoa kikwazo cha gigabaiti 4, na mwaka 2009 ikachaguliwa kuwa mfumo rasmi wa kadi za SDXC. Suluhisho lilikuwa tayari, lakini lilifungwa kwa hataza na leseni. Mwaka huohuo wa 2009 Microsoft iliishtaki kampuni ya TomTom kuhusu hataza, zikiwemo zinazohusu majina marefu ya faili katika FAT, na watengenezaji wa programu huria wakapata sababu ya kuwa waangalifu. Apple iliingiza exFAT mwaka 2010. Watumiaji wengi wa Linux walitegemea programu za pembeni hadi Agosti 2019, Microsoft ilipochapisha maelezo kamili ya mfumo huo na kuridhia uingizwe kwenye kiini cha Linux. Toleo la 5.4 lililotoka Novemba mwaka huohuo lilikuwa nao.

Kati ya mwaka 2006 na 2019 ni miaka kumi na mitatu. Katika muda huo hakuna kikwazo cha kiufundi kilichozuia kamera ya mtu kusomwa na kompyuta ya jirani yake. Kilichobadilika mwaka 2019 ni ruhusa. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu watumiaji wetu wamezoea kujilaumu flashi inapogoma, wakidhani wamekosea kitu, wakati mara nyingi wanalipa gharama ya uamuzi uliofanywa kwenye ofisi ya wanasheria mbali nao.

Msidhani pia kwamba aliyebuni mfumo ataendelea kuusoma milele. Apple ilianzisha mfumo wake wa faili wa HFS mwaka 1985, na hadi mwaka 1998 ndio ulioshika diski zote za kawaida za Macintosh. Tangu macOS Catalina ya mwaka 2019, kompyuta mpya za Apple haziufungui tena mfumo huo. Mtu mwenye diski ya Macintosh ya mwaka 1994 anaweza kuisoma kwenye Linux kwa urahisi kuliko kwenye Mac aliyoinunua jana, kwa sababu watu wa programu huria waliuelewa mfumo ule wakauandikia programu iliyo wazi.

Herufi zinazogeuka na faili zenye nukta

Tuseme orodha imesomeka na faili imefunguka. Ngazi ya nne ina mitego yake, na mmoja unawagusa waandishi wa Kiswahili moja kwa moja. Herufi zetu ni zile za kawaida, a hadi z bila vikorombwezo, kwa hiyo maandishi yetu huvuka kutoka mfumo mmoja hadi mwingine salama kuliko ya Kifaransa au Kireno. Isipokuwa alama moja: ritifaa ya ng'. Programu nyingi za kuandikia huigeuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda. Mac za miaka ya 1990 zilihifadhi alama iliyopinda kwa namba ambayo Windows iliisoma kuwa herufi Õ, na "ng'ombe" akawa "ngÕombe". Windows nayo iliihifadhi kwa namba ambayo Mac iliisoma kuwa í, na ikawa "ngíombe". Siku hizi mfumo wa UTF-8 umeondoa tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, ila faili ya UTF-8 ikifunguliwa na programu ya kizamani utaona "ng’ombe". Katika hali zote tatu hakuna herufi iliyopotea. Usikae ukisahihisha neno moja moja. Iambie programu faili iliandikwa kwa seti ipi ya herufi, na kurasa zote zitanyooka mara moja.

Mtego mwingine umo kwenye flashi nyingi zinazozunguka mijini kwetu. Macintosh ya zamani iligawa faili katika sehemu mbili: data, na sehemu ya pembeni iliyobeba ikoni, aina ya faili na mambo mengine. Faili ilipohamishiwa kwenye disketi ya DOS bila uangalifu, ile sehemu ya pembeni ilibaki nyuma. Kwa barua hasara ilikuwa ndogo. Kwa fonti za PostScript, ambazo kila kitu chake kilikuwa katika sehemu ya pembeni, kilichofika upande wa pili kilikuwa faili yenye jina sahihi na ukubwa wa baiti sifuri. Mac za leo, zikiandika kwenye flashi ya FAT32 au exFAT, huhifadhi taarifa kama hizo katika faili ndogo ya kando inayoanza na nukta na mstari wa chini. Ndizo zile "._" unazoziona ukiifungua flashi hiyo kwenye Windows, na ndizo redio ya gari huzihesabu kama nyimbo halafu ikashindwa kuzipiga. Si virusi. Kabla ya kuzifuta, hakikisha tu kwamba faili halisi yenye jina hilo ipo na ina ukubwa unaostahili.

Diski ya Domesday

Mfano mkubwa kuliko yote wa ngazi hizi kugoma kwa pamoja ulitokea Uingereza. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900 tangu Domesday, ile sensa ya ardhi na mali iliyoamriwa na Mfalme William, BBC ikishirikiana na Acorn, Philips na Logica ilitengeneza picha mpya ya nchi. Zaidi ya watu milioni moja walichangia maandishi na picha, wakiwemo watoto wa shule waliotembea mitaani kwao kuandika walichokiona. Kazi yote ikawekwa kwenye diski kubwa za leza za aina ya LV-ROM, zilizosomwa na mashine maalumu ya Philips iliyounganishwa na kompyuta ya BBC Master. Mfumo mzima ulikuwa ghali mno, shule nyingi zilizochangia hazikuumudu, na mashine zikawa chache tangu mwanzo.

Kufikia miaka ya 2000 diski zilikuwa bado nzima, lakini vifaa vya kuzisomea vilikuwa vikitoweka. Mradi wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan ulitengeneza mwaka 2002 programu iliyoiga mashine ya zamani ndani ya kompyuta mpya, na mwaka 2011 BBC iliweka maandishi na picha za wananchi kwenye intaneti. Kitabu cha Domesday chenyewe, cha karne ya kumi na moja, kilichoandikwa kwenye ngozi, kinasomeka mpaka leo kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza. Wapo wanaokitumia kisa hiki kudharau kompyuta. Mimi nakisoma tofauti. Diski ya mwaka 1986 iliokolewa kwa sababu taasisi zilitenga watu na fedha kabla mashine ya mwisho haijafa. Zingechelewa kidogo, kazi ya watu milioni moja ingekuwa sahani za kupamba ukuta.

Tufanye nini

Kwa mtu binafsi, kanuni ni chache na nazisema kwa mkazo. Diski ikikataliwa, usikubali kuifomati. Itoe, kisha uliza ilitoka kwenye mfumo gani. Jaribu kwenye kompyuta ya mfumo huo, au kwenye Linux, inayofungua mifumo mingi ya faili kuliko wenzake. Kumbuka kwamba diski iliyofungwa kwa nywila nayo huonekana haisomeki, kwa hiyo mtafute mwenye nywila kabla ya kumtafuta fundi. Kabla ya kuchomeka disketi ya zamani, isogeze ile plastiki ndogo ya pembeni hadi tundu lake liwe wazi ili isiandikwe, kwa maana kompyuta huandika bila kuulizwa: Windows 95 iliweka alama zake kwenye sekta ya kwanza ya disketi, na Mac za leo huacha folda zao zilizofichwa kwenye kila flashi inayochomekwa. Kama data ni za thamani, tengeneza kwanza nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta, kwa programu kama ddrescue, halafu fanyia majaribio nakala hiyo na uiache diski yenyewe ipumzike. Flashi ya kubebea faili kati ya mifumo iandae kwa exFAT, na usiichomoe kabla ya kuitoa kwa utaratibu, kwa kuwa mfumo huo hauna kumbukumbu ya kurekebishia uandishi uliokatizwa.

Kwa taasisi, neno langu ni zito zaidi. Vyuo, magazeti, redio, mahakama na ofisi za ardhi katika nchi zetu zina makabati yenye disketi na CD za miaka ya 1990, nyingine zikibeba tasnifu, hotuba na kumbukumbu ambazo hazipo kwenye karatasi. Vifaa vya kuzisoma bado vinapatikana na ujuzi upo. Kila mwaka unaopita viendeshi vinapungua na sumaku inafifia. Kazi hii ianze sasa: kila diski ipewe namba, inakiliwe yote kama ilivyo, na iandikwe imetoka kwenye kompyuta gani na programu gani.

Na katika ununuzi wa mifumo mipya, mkataba usisainiwe mpaka useme data zitahifadhiwa kwa muundo upi, maelezo ya muundo huo yamechapishwa wapi, na mnunuzi atazitoaje siku atakapoachana na muuzaji. Muuzaji mwenye nia njema hujibu maswali hayo kwa ukurasa mmoja. Asiyeweza kujibu anakuuzia diski ambayo siku moja itahitaji wanafunzi wa Carnegie Mellon kuifungua, na wakati huo hatakuwepo wa kuulizwa.